Nimeandika maneno 212 daftarini na sikumbuki hata kumi, nifanyeje na hii riwaya?

Swali limetoka kwa msomaji aliyezaliwa Nakuru, sasa hivi anafanya kazi Mombasa. Nimelifupisha kidogo tu:

"Hujambo mwalimu. Kiswahili nilisoma shule mpaka Fomu Foo na nilipita vizuri, lakini tangu nije Mombasa naona kuna Kiswahili kingine sikukijua. Nikanunua riwaya ya mwandishi wa Zanzibar nijifunze maneno. Kila neno nisilolijua napiga laini, nafungua kamusi, naandika kwa daftari na maana yake. Nimefika ukurasa wa 31, ni miezi miwili sasa, na daftari lina maneno 212. Juzi rafiki yangu akanifanyia testi, sikukumbuka hata kumi. Na hadithi yenyewe sijui imefika wapi, nani ni nani. Niendelee ama nitafute kitabu cha watoto kwanza? Nimekutumia picha ya ukurasa mmoja wa daftari uone."

Sijambo mdogo wangu, na asante sana kwa kuandika na namba, maana wengi wananiandikia "maneno ni magumu" basi, wanaishia hapo, na mimi nashindwa hata pa kuanzia. Wewe umenipa kurasa 31 na maneno 212, kwa hiyo hebu tupige hesabu kabla sijakwambia kitu kingine chochote. Ukurasa wa riwaya ya kawaida una maneno kama 300 hivi, mara 31 inakuja 9,300. Ndani ya hayo 9,300 yaliyokushinda ni 212. Yani katika kila maneno 100 unayosoma usiyoyajua ni mawili na kidogo tu, mengine yote unayo.

Kuna mtaalamu wa New Zealand anaitwa Paul Nation, kazi yake kubwa ni hii hii ya jinsi watu wanavyojifunza maneno. Mwaka 2000 yeye na mwenzake walitoa utafiti unaoonyesha kwamba ili mtu asome hadithi mwenyewe bila msaada na aielewe vizuri, anatakiwa awe anajua kama maneno 98 katika kila 100. Walipima kwa Kiingereza, na sisi neno letu moja kama "hatukumwona" kwa Kiingereza ni maneno matano, kwa hiyo usiichukue hiyo namba kama futi kamba ya fundi. Lakini inatosha kukuonyesha ulipo. Upo mlangoni kabisa, mguu mmoja ushaingia ndani. Kitabu cha watoto hapana, usirudi huko, kitakuchosha kabla hujamaliza kurasa kumi na hakina hayo maneno unayoyatafuta.

Sasa kama maneno unayo, shida iko wapi? Shida ni kusimama. Gawanya 9,300 kwa 212 uone: kila ukisoma maneno kama 44 unasimama, unaweka kitabu chini, unachukua kamusi, unatafuta, unachukua kalamu, unaandika, unarudi kwenye kitabu unatafuta ulipoishia. Matatu ikienda hivo kutoka Likoni mpaka Ukunda, inasimama kila nguzo ya umeme, abiria gani atakumbuka njia? Ndo maana hadithi imekupotea, na hadithi ikipotea maneno nayo hayana pa kukaa. Hili la pili ndo nataka unisikilize vizuri, maana watu wengi wanadhani hadithi ni kama sukari ya kumezea dawa, wanavumilia hadithi ili wapate maneno. Ni kinyume chake. Neno linakaa kichwani kwa sababu kuna mtu alikuwa analia wakati linatajwa, au alikuwa anadanganya, au ameshika kitu mkononi. Ukilitoa humo ukalipeleka peke yake daftarini, pembeni yake umeandika maana ya maneno matatu ya kamusi, umeling'oa na udongo wote umebaki kule.

Ngoja nikupe la kwangu. Mi nimekulia Dodoma, bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda ukutani tu. Darasa la saba nikaazimwa riwaya moja ya watu wa majahazi, jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo hazipo. Kamusi nyumbani hatuna. Humo ndani kulikuwa na neno "ngama". Mara ya kwanza likanipita hivi hivi. Mara ya pili kuna kijana kalala kwenye ngama kaamka nguo zimelowa chapachapa. Mara ya tatu bahari imechafuka na nahodha anawapigia watu kelele wafue maji ya ngama, wasipofua wanazama, na mimi pale kitandani moyo unanidunda maana yule kijana nilikuwa nishampenda sitaki azame. Hapo ndo nikajua, ngama ni kule chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapojikusanya. Na hapo hapo nikapata zawadi nyingine sikuiomba, kwamba "kufua" sio nguo peke yake, kumbe na maji yanafuliwa, yani kuyatoa ndani ya chombo. Miaka mingi baadae niko Bagamoyo ufukweni, nikamkuta mtu kainama ndani ya mashua anatoa maji kwa kopo la rangi, nikajikuta nasema kwa sauti, ngama! Hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha neno hilo, na mpaka leo sijalisahau.

Na hii sio bahati yangu tu. Mwaka 1962 mwandishi wa Uingereza, Anthony Burgess, alitoa riwaya ya A Clockwork Orange, na vijana wa kwenye hiyo hadithi wanaongea lugha ya kijiweni ambayo mwandishi kaitunga mwenyewe, mengi kayatoa kwenye Kirusi, rafiki anaitwa "droog", maziwa "moloko". Msomaji wa Kiingereza anakutana nayo kama wewe unavyokutana na maneno ya Unguja, hana hata moja. Sasa mwaka 1978 watafiti watatu, huyo Nation akiwa mmoja wao, wakawapa watu wazima kitabu hicho wakisome bila orodha ya maana. Waliambiwa wataulizwa kuhusu hadithi, la maneno hawakuambiwa kabisa. Walipomaliza wakapewa mtihani wa yale maneno, wa kuchagua jibu sahihi, na kwa wastani wakapata kama robo tatu. Hakuna aliyeandika daftari. Walikuwa wanafuata hadithi tu.

Ila kuna kitu kimoja ndani ya hiyo habari ambacho watu wakiisimulia wanakiruka: yale maneno kwa wastani yalikuwa yanarudi mara 15 ndani ya kitabu. Kilichofanya kazi pale ni kurudi. Neno lililotokea mara moja ukurasa wa 9 halafu basi, hata ulitazame vipi, litaondoka. Na kuchagua jibu kati ya manne sio sawa na kulitoa neno mdomoni mwenyewe ukiwa unaongea na mtu, hiyo ni hatua nyingine nitaifikia huko chini.

Kwa hiyo fanya hivi. Rudi ukurasa wa kwanza. Najua inauma, miezi miwili, lakini utaona sasa kurasa hizo 31 zitakwisha kwa jioni mbili. Kamusi iache chumba kingine, simu nayo iweke mbali, hasa simu, maana kamusi ya kwenye simu ni rahisi mno, unagusa tu, na kwa sababu ni rahisi unagusa kila kitu. Shika penseli. Ukikutana na neno usilolijua weka kidoti kidogo pembeni ya mstari, usipige laini chini ya neno, kidoti tu, halafu endelea. Usisimame hata kama sentensi nzima haijaeleweka, sentensi inayofuata mara nyingi inaisafisha. Neno likirudi weka kidoti tena. Utaniuliza nitajuaje kwamba limerudi kama sijaliandika popote? Utajua. Likija mara ya pili utasikia kabisa, aaa wewe tena. Na likija mara ya tatu, hilo sasa limejichagua lenyewe, mwandishi analihitaji, watu wa mule ndani wanalihitaji, na wewe utalihitaji. Hilo ndo unalitafutia kamusi, tena sura ikishaisha.

Kuna neno moja tu linalovunja hii sheria, nalo ni lile lililobeba tukio lenyewe. Kama umesoma kwamba wazee watatu wamekwenda kwa fulani "kumposea" kijana wao na wewe hujui kuposa ni nini, basi kurasa ishirini zijazo hutaelewa kwa nini yule binti amejifungia chumbani na mama yake anashona. Hapo simama, tazama, endelea. Ila maneno kama hayo kwenye sura nzima hayazidi mawili matatu.

Sasa ntakuonyesha kwa macho. Hiki kipande nimekiandika mwenyewe hapa hapa kwa ajili yako, sijakitoa kwenye kitabu chochote, ila ni Kiswahili cha aina hiyo unayoisoma:

"Bi Mwana alipomaliza kukuna alishuka kwenye mbuzi, akaisogeza ukutani, akapangusa machicha yaliyomganda mikononi. Akachukua kifumbu, akachuja tui. Jua lilikuwa limeshatua na upepo wa kusi ulizipeperusha kanga alizozianika uani tangu alasiri. 'Kaanue nguo,' alimwambia mwanawe, 'kabla umande haujaziingia.' Mtoto akaitika kwa unyonge, uso kaukunja, akatoka akiburura makubazi yake."

Msomaji wa bara akifika "alishuka kwenye mbuzi" anashtuka, kwani mama alikuwa amempanda mbuzi? Hapa neno lenyewe unalijua toka darasa la kwanza, ndo maana hata hukuliwekea alama, na haya ndo yanayopoteza watu kuliko yale mageni. Sasa angalia mwandishi kakuachia nini. Kwanza "kukuna" limetangulia, na nazi ndo inakunwa. Pili, kakwambia "akaisogeza". Angekuwa mbuzi wa kula majani angesema "akamsogeza". Hiyo "i" ndogo katikati ya kitenzi imekwambia hiki ni kitu, hakina roho. Tatu, machicha yamemganda mikononi halafu kuna tui linachujwa. Hapo hata kama hujawahi kukiona maisha yako yote ushaelewa, mbuzi ni kile kigoda chenye chuma cha meno mbele, unakikalia unakuna nazi. Machicha ni yale makapi yanayobaki. Na kifumbu bila shaka ni cha kuchujia, umbo lake hulijui bado, halina shida, ni kikapu kidogo cha kusukwa, utakiona siku ikifika. Maneno matatu manne na kamusi hujaigusa.

Twende "kaanue". Hapa najua kabisa ungefungua herufi K ukatafuta "kaanua", ukakosa, ukadhani kamusi mbovu. Lakini hiyo "ka" ni ile ya "nenda ka-", kama kalete, kamwite, kaoge. Ukiitoa unabaki na "anue", mwisho wake "anua". Halafu tazama juu kidogo, kanga "alizozianika". Anika, anua. Funga, fungua. Kunja, kunjua. Ezeka nyumba, ezua. Pakia mzigo, pakua. Huo mlio wa "ua" mwishoni mara nyingi unarudisha nyuma kilichofanyika, na ukishausikia hivo kuna vitenzi vingi mno kwenye riwaya ambavyo hutavitafuta tena, vinajifungua vyenyewe. Kaanue nguo, nenda ukazitoe kambani. Na si unaona, sababu kaitoa hapo hapo, kabla umande haujaziingia.

Makubazi? Mtoto anayaburura anatoka nje. Ni vya miguuni. Inatosha! Hapo usisimame. Kwamba ni viatu vya ngozi vya wazi, hilo litakuja lenyewe, na lisipokuja hujapoteza kitu. Ndo nakwambia vitu na vitendo havina uzito mmoja. Jina la kitu mara nyingi unaweza kulivumilia ukijua tu ni chombo, ni nguo, ni samaki, ni sehemu ya jahazi. Kitenzi hapana, na maneno ya moyoni hapana, unyonge, tahayari, kinyongo, inda, hayo ndo hadithi yenyewe. Penseli yako iyafuate hayo zaidi.

Kuhusu kamusi, siku ukiifungua uifungue vizuri, maana nusu ya watu wanaosema neno halimo kwenye kamusi wametafuta pasipo pake. Kitenzi unakivua nguo kwanza. "Walivyomtahayarisha", toa wa, toa li, toa vyo, toa m, halafu mwishoni toa ile "sha" ya kusababisha, unabaki na tahayari, herufi T. "Zilizokunjamana" nenda kunja, ukishajua kunja na ukajua "mana" ya shikamana na fungamana kazi imekwisha. Majina nayo yana mtego wake, hasa yale ya U. Nyufa iko kwenye ufa, mbavu ubavu, ndimi ulimi, nyuso uso. "Alizitazama kuta" hakuna mtu anakutana na mtu hapo, ni ukuta zaidi ya mmoja. Na ukikuta kamusi imeandika neno hilo hilo mara mbili au tatu na vinamba, kama mbuzi, kama paa, kama kaa, usichukue la kwanza ukafunga, soma yote halafu rudi kwenye sentensi yako ulijaribishe moja moja, lipi linakaa. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, yani Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, iliyotoka 2015 inakutosha kwa sehemu kubwa. Ukikosa humo uliza mtu, nitakuja hapo.

Kitu kingine nakipenda sana, na wanafunzi wangu nikiwaonyesha naona macho yao yanabadilika kabisa, ni yale maneno yetu yenye asili ya Kiarabu. Haya usiyashike kwa mwanzo wala mwisho, yashike kwa mifupa. Hukumu, hakimu, mahakama, hekima, sikiliza h, k, m, zimekaa pale pale, irabu ndo zinazungukazunguka. Kitabu, katibu, maktaba, katiba. Fikiri, fikra, tafakari. Dhulumu, dhuluma, dhalimu. Waandishi wa Unguja na Pemba wanayatumia mno, kwa hiyo ukikutana na jipya jiulize kwanza, mifupa hii nimeiona wapi? Sio kila mara utapatia, ila ukipatia moja umepata ukoo mzima.

Haya, daftari. Sikwambii ulitupe, nakwambia ulianze upya. Sura ikiisha, chukua yale ya vidoti vitatu, na yasizidi matano kwa sura, hata yakiwa tisa chagua matano. Usiandike neno na maana. Andika sentensi nzima kama ilivyo kitabuni, "Kaanue nguo kabla umande haujaziingia", halafu chini yake andika ya kwako wewe, ya maisha yako ya kweli, ya leo. "Jana nimechelewa kuanua shuka, zimenyeshewa zote." Iwe kweli! Sentensi ya uongo ya mfano kama za kwenye vitabu vya mazoezi, "Juma anaanua nguo", haikai, Juma huyo humjui. Halafu hiyo sentensi yako itoke daftarini siku hiyo hiyo, mtumie mtu meseji, mwambie jirani. Neno likishatoka mdomoni mwako mbele ya mtu akakuelewa, linakuwa lako kwa namna ambayo kusoma peke yake hakuwezi kukupa. Hii ndo ile hatua nyingine niliyokuambia juu.

Na kabla hujaanza sura mpya, pitia ya nyuma yake haraka haraka, dakika kumi na tano, kwa sauti kama unaweza. Sio kujifunza, ni kusikia tu. Mara hii maneno mengi yenye kidoti kimoja utayapita bila hata kuyaona, na hapo ndo utajua kumbe kichwa kilikuwa kinafanya kazi wakati we unadhani hakifanyi.

Sasa wewe una kitu ambacho mi sikuwa nacho Dodoma na wengi wanaoniandikia kutoka ulaya hawana. Upo Mombasa! Watu wanaojua mbuzi ni nini wapo mlango wa pili. Nenda pale Marikiti kwenye maduka ya vyombo uliza, kifumbu ni kipi, nionyeshe, shika mkononi. Ukimkuta mama mtu mzima kakaa barazani jioni, mwamkie, muulize, "mama, hili neno nimelikuta kitabuni, ninyi mnalitumiaje?" Usimuulize "maana yake nini", maana hapo atajisikia yuko kwenye mtihani, muulize mnalitumiaje, atakupa sentensi tatu na kisa juu. Ila ujue tu kwamba kitabu chako ni cha Zanzibar na wewe upo kwa watu wa Kimvita, yani Kiswahili cha Mombasa. Kiunguja ndo kilichochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu kwenye mkutano wa 1928, tena mkutano wenyewe ulifanyika hapo hapo Mombasa, lakini watu wa Mombasa hawakuacha cha kwao. Utasikia ndia kwa njia, kitwa kwa kichwa. Kwa hiyo mama akikwambia "sisi hatusemi hivo, sisi twasema hivi", hujakosea wewe wala hajakosea yeye, umepata maneno mawili badala ya moja, andika yote mawili na jina la mahali pembeni.

Mwisho niangalie ile picha yako ya daftari. Naona umeandika haya: tahayari, chetezo, foromali, gutuka, bweta, ukindu, randa, sinyaa. Nakusomea kama ningekuwa mimi ndo mwenye penseli.

Tahayari, hili hata kama limekuja mara moja lichukue, maana kwenye riwaya ya pwani watu wanatahayari na kutahayarishwa kila baada ya sura, heshima ya mtu mbele za watu ndo jambo lenyewe linalogombewa, na "aibu" peke yake haibebi yote. Naona kwenye daftari umeandika "tahayari, kuona aibu", ni kweli, lakini ona tofauti, aibu unaweza kuwa nayo peke yako chumbani, kutahayari mara nyingi kuna macho ya watu yanakutazama. Gutuka chukua, ni ule mshtuko wa ghafla mwili unaruka kidogo, utakutana nalo kila anapobisha mtu hodi usiku. Sinyaa chukua, halafu subiri uone mwandishi analitumia kwa ua, kwa ngozi na kwa moyo wa mtu. Randa ni la kusubiri, maana kuna kuranda kwa mtu anayetembeatembea huku na huku na kuna randa ya fundi seremala, na sijui kwenye sentensi yako ilikuwa ipi kwa sababu sentensi hukuiandika, si unaona?

Chetezo ni chombo cha kufukizia udi, ukisoma mpaka mwisho nina uhakika kitarudi kwenye harusi au kwenye msiba, likirudi utalinusa kabisa, usilisumbukie sasa. Bweta jua tu ni kisanduku kidogo, endelea. Ukindu utauona mtu akisuka mkeka. Foromali liache, ni boriti ya jahazi inayoshika tanga, na kama hadithi yako sio ya mabaharia usilipe hata kidoti cha pili.

Kwa hiyo kwenye ukurasa huo wa maneno manane, umebaki na matatu na moja la kusubiri. Ukimaliza sura ya pili nitumie picha tena, ila sio ya daftari, nitumie ya pembeni mwa kurasa nione vidoti vimekaaje.